Siku Niliyomsahihisha Mwalimu Faki

"Dada, sasa nani atatusomesha?" Mize, mtoto wa jirani yetu hapa Wawi, aliniuliza hivyo mbele ya wanafunzi wenzake, na mpaka leo nikikumbuka nasikia haya mwili mzima.

Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu (mimi ndiye yule anayemuuliza kila mtu, "Ushahidi uko wapi?"). Mwalimu Faki, mstaafu, alikuwa akiwafundisha wasichana Kiingereza bure barazani kwake, kama alivyonisomesha hata mimi, na siku moja aliwaalika wazazi, mimi, na wageni wawili waliokuja kuamua kama darasa lipewe chumba skulini.

Akafungua karatasi, akasoma: "My parents is farmers." Sasa sisi tumekulia madrasa, na madrasa mtu akikosea aya wenzake humrudi papo hapo kwa sauti, wala si utovu wa adabu, ni wajibu, basi mdomo ukatangulia akili: "Are! Parents are!" Akanitazama, akaendelea, "Everybody work hard," nami (sijui shetani gani yule) nikadakia, "Works!" Wasichana wakacheka, mgeni mmoja akaandika kitu, na badala ya kunyamaza nikasimama nikawaeleza wageni kanuni yenyewe, kama niliyeombwa.

Mwalimu akakunja karatasi.

"Haya, mwanangu. Umesoma."

Akaingia ndani.

Njiani mama alinivuta mkono. "We huna haya? Mtu mzima yule!"

"Kosa ni kosa, mama, hata likitoka kwa mtu mzima."

Chumba hakikutolewa, wageni walisema hawawezi kumpa mwalimu asiyekijua Kiingereza. Mwalimu hakusomesha tena. Nilikwenda mara tatu kumtaka radhi, na mara zote mkewe, Bi Time, alinambia amelala. Nikajaribu kusomesha mwenyewe: walikuja watano, kisha wawili, kisha nikabaki na ubao wangu.

Siku hizi mtu akisoma mbele yangu namwacha amalize, hata nikihisi ulimi unaniwasha.

Mwalimu alipokwishafariki, Bi Time alinikabidhi karatasi za siku ile. Zilikuwa mbili. Aliyoisoma ni insha niliyoiandika mimi wiki ya kwanza nilipofika barazani kwake; ya pili, ambayo hakuifikia, niliiandika mwaka uliofuata, na haikuwa na kosa hata moja.