Mwanangu Alipungukiwa Damu, Wakasema Baba Yake ni Mzungu

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, na la kambi yetu usilitaje, maana gazeti lako hufika kule hata kama ni kwa kufungia sukari, na watu hulisoma. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mitatu. Nimeolewa na nina mtoto mmoja wa kiume anayekaribia miaka miwili. Kwetu ni upande wa magharibi, lakini mume wangu anafanya kazi katika kiwanda cha mbao karibu na Elburgon, na tangu tuoane tumekaa kwenye nyumba za wafanyakazi pamoja na mama yake. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mwanangu alizaliwa mweusi, mwenye afya, sura ya baba yake kabisa. Alipofika wakati wa kuanza chakula, mama mkwe akaichukua kazi hiyo. Asubuhi chai ya rangi na ugali uliolowekwa humo humo, mchana chai, jioni chai. Kuku wetu walitaga vizuri, lakini nikitaka kumpa mtoto yai naambiwa, "Mtoto akikula mayai atakuwa mwizi." Siku tukipata maini, hayo ni ya wanaume. Nilinyamaza, kwa sababu hivyo ndivyo alivyomlea mwanawe, na mwanawe anabeba magogo mpaka leo.

Mtoto akaanza kupauka. Midomo ikapoteza rangi, viganja vikawa vyeupe, kutwa nzima amelala, na akiamka anabandua udongo wa ukuta anakula. Ningedhani watu wataniuliza anaumwa nini. Wapi! Waliniuliza habari za meneja. Kabla sijapata mimba nilikuwa nafagia nyumba ya meneja wa kiwanda, ambaye ni Mzungu. Kufagia tu, Mungu ni shahidi yangu. Siku moja pale bombani, mbele ya wanawake wote, mama mkwe aliinua mkono wa mwanangu juu akasema, "Angalieni hii mkono. Kwetu nani ako na mkono kama hii?" Wengine wakacheka. Nilibeba debe langu likiwa nusu nikaondoka.

Mume wangu hakunipiga, lakini aliacha kumshika mtoto. Alipotoka kazini mtoto alijikokota mpaka mlangoni kumpokea, naye akamruka kama kuni zilizoachwa njiani. Hilo liliniuma kuliko maneno yote ya mama yake.

Baadaye nesi wa misheni akaja kambini kwa gari. Alivuta kope ya chini ya mtoto, akatazama, akanionyesha jinsi kwa ndani palivyokuwa peupe. "Mama, huyu hajazaliwa na rangi hii," akasema. "Damu yake imekwisha." Akanifundisha kumpondea maharagwe na mboga za managu, kumpa yai, kumpa maini hata kipande, na chai isikaribie chakula chake. Akanipa mfuko wa unga uliotiwa dawa ya kuongeza damu, nimpikie uji. Nilikimbia nyumbani kwa furaha, nikifikiri sasa nimepata wa kunitetea.

Mume wangu aliutazama ule mfuko bila kuugusa. "Umepewa na nani? Si ni hao hao Wazungu?" Mama mkwe aliuchukua akawamwagia kuku. Kuku walishiba kweli kweli, na mtoto akapewa chai.

Haikupita muda mrefu, asubuhi moja mwanangu akashindwa kusimama, anapumua mbio mbio. Nilimfunga mgongoni nikaomba nafasi kwenye lori la mbao mpaka Nakuru, kwa dada yangu anayekaa Bondeni, ambaye mumewe ni mtu wa reli. Hospitalini daktari alinigombeza kwa kuchelewa, nami nikapokea matusi yaliyokuwa ya wengine. Mtoto akatibiwa. Baada ya hapo nikabaki kwa dada, nikawa nampeleka kliniki ya watoto, tunafundishwa kupika, tunapewa unga ule ule walioula kuku. Nilifuata kila neno. Leo mwanangu anakimbia, anamwaga maji ya majirani, anapigana na binamu zake. Viganja vimepata damu, na rangi yake imerudi, nyeusi ya kwao.

Muda huo wote baba yake hakuja hata kuuliza kama kuna kaburi. Amekuja Jumapili iliyopita, na kuku mkononi. Alishika kiganja cha mtoto, akakigeuza, akacheka. "Ona! Sasa huyu ni wangu." Akamwinua begani. Mtoto hamjui, akalia mpaka akakohoa. Nilitamani kumtupia yule kuku usoni.

Anataka turudi mwezi ukiisha. Anasema ng'ombe wa mahari walitolewa, kwa hiyo nikikataa watakuja na wazee wamchukue mtoto, mimi nibaki. Dada yangu anasema nirudi, nimlishe kwa siri. Shemeji anasema nisikanyage huko. Nilimwuliza mume wangu habari ya unga. "Mama amesema hiyo kitu isiingie kwake. Mtoto amepona, akule kama watu."

"Na akirudi kuwa mweupe?"

Alijibu huku anavaa kofia yake, bila haraka: "Basi hapo tutajua ukweli."

Wasomaji, nikimwachia mtoto, hakuna wa kumpikia uji. Nikienda naye, wataniwekea chai mezani na kungoja viganja vyake vipauke ili wanihukumu. Nyinyi mliozaa, niambieni nishike lipi, na mniambie upesi, mwezi unakwisha.