Bombomu la Baba Mkubwa Urho

Baba mkubwa Urho Kinnarinen alikuwa fundi bati, mtu wa ndoo na mabirika, na maishani mwake aliistaajabia bunduki moja tu: bombomu la aina ya Maksimu lililoachwa ghalani na jeshi la mfalme wa Urusi wakati yeye bado anatambaa. Warusi walituachia, sisi tukalirekebisha, kisha wakarudi wenyewe kuonja ufundi wetu.

Bunduki ya kawaida ikilia hukupiga teke begani, teke lenyewe likapotea bure. Hili liliutumia ule mrusho wa nyuma kutema ganda, kumeza risasi nyingine na kufyatua tena, mradi vidole gumba havijaachia kitufe cha kufyatulia. Mpaka uzeeni, akisimulia na kufika hapo, Urho alishusha sauti kama yuko kanisani. Mimi mwenyewe nilikuwa nasisimka nikimsikiliza.

Ila lilikuwa na kiu. Mtutu ulizungukwa na bomba nene la maji ya kuupoza, na kwa baridi yetu ya Karelia, huku mpakani na Urusi, maji yalichanganywa na spiriti yasigande. Hapo ndipo ulipo ujinga wetu, wala sitauficha. Wape wanaume wetu spiriti, hata iwe ya kunywesha bunduki, uone kama itafika asubuhi.

Januari ile ya vita na Warusi, baba yangu, Taavetti, mdogo wake Urho, alivunjwa mguu kwa risasi. Walimfunga kwenye sleji, mkokoteni usio na magurudumu unaoburutwa na farasi juu ya theluji, pamoja na majeruhi wengine ili wavushwe ziwa lililoganda, mahali peupe pasipo na kichaka. Urho na sajenti wake waliachwa ukingoni na bombomu wawazuie Warusi mpaka sleji zivuke. Urho akalitikisa. Ndani ilikuwa barafu tupu.

"Sajenti Hulkko," akasema, "spiriti ya bombomu iko wapi?"

"Jana kulikuwa na baridi, Urho."

"Hata lenyewe lilikuwa linasikia baridi. Hebu fungua mdomo ninuse."

"Kuninusa hakuyeyushi barafu. Shika huko nyuma, tulipeleke sauna."

Barafu ilikuwa imeushika mtutu usiweze kurudi nyuma, na bombomu la namna hiyo halifai hata kumfungia ng'ombe. Wakalibeba mpaka kwenye sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke, ya shamba lililohamwa, ambamo askari walikuwa wametoka kuoga. Wakalilaza kwenye benchi kama mgeni wa heshima, Hulkko akayamwagia mawe ya moto maji, mvuke ukajaa. Barafu ilipolegea wakalitoa mbio na kulipangusa kwa mafuta ya taa, maana jasho la sauna nalo lingeganda.

Sleji zilikuwa katikati ya ziwa Warusi walipotokeza msituni. Urho akabonyeza. Maji yakachemka, mvuke ukafuka, na Hulkko akafungua kifuniko cha bomba la maji, ambacho mafundi wetu walikipanua makusudi, akashindilia theluji kwa mikono. Bombomu likainywa theluji na kuendelea. Watu wenye makoti marefu walianguka, wengine wakaja juu yao, nao wakaanguka. Baba yangu alifika ng'ambo akiwa hai, ndiyo maana mimi nipo.

Kila Krismasi baba alimshukuru, na kila Krismasi Urho alikoroga kahawa yake tu. Mwaka mmoja, nikiwa nakata mkate pale mezani, baba akasema tena, "Kaka, bila wewe ningebaki kwenye barafu."

"Acha kunishukuru, Taavetti."

"Nisipokushukuru wewe nimshukuru nani? Hulkko mlevi?"

Urho akaweka kijiko chini.

"Mlipofika ng'ambo, Warusi walikuwa wameshageuka wanakimbia," akasema. "Hulkko akanishika bega, akaniambia, basi, wamevuka. Nilimsikia vizuri, Taavetti, na vidole gumba sikuviachia. Nikamwambia aongeze theluji."