Baiti Nne za Mwanzo

Kwao Kibuta hakuna aliyeweza kueleza kazi ya Hajra Kibwana. Mama yake, Mwanajuma, akiulizwa na majirani kwenye palizi la mihogo alijibu kwamba binti yake anasoma vichwa. Majirani wakadhani ni uganga. Wangemwona ofisini kwake Kibaha, macho mekundu mbele ya kompyuta iliyojaa namba, wala wasingebadili mawazo.

Kampuni yao ilisambaza intaneti kwa antena, kutoka mnara wa Tumbi hadi vijiji vya Kisarawe. Kila kinachopita hewani hukatwa vipande vinavyoitwa pakiti, na kila pakiti hutanguliwa na kichwa chenye namba ya antena iliyotuma na ya ile inayopokea, kama mzigo wa basi ulioandikwa jina la mtumaji na mpokeaji. Zipo programu za kunasa pakiti na kuzisoma. Lakini antena za kampuni zilikuwa za mtumba, zenye kichwa cha muundo wa pekee, na programu ikizinasa ilionyesha takataka tupu. Hajra alipewa kazi ya kuifafanulia programu kile kichwa, ambacho ni mfululizo wa namba ndogo ziitwazo baiti: baiti hizi ni za mtumaji, hizi za mpokeaji, hizi za aina ya mzigo. Ukikosea baiti moja, zote zinazofuata zinasomeka ovyo.

Alihangaika sana. Mwishowe akagundua kwamba akiziruka baiti nne za mwanzo, zilizobaki zinakaa sawa. Hizo nne akaziandikia "hazijulikani" akaendelea mbele. Nani angemlaumu? Alikuwa anasukumwa.

Aliyemsukuma ni Silvanus, meneja. Wateja wa Masaki, ile ya Kisarawe, walilalamika intaneti inakwenda kwa kujikokota, na Silvanus akatangaza kwamba kuna mfanyakazi anaiuza kwa mlango wa nyuma. "Nataka namba ya antena yake," alisema. "Akipatikana ni polisi moja kwa moja. Hata awe ndugu wa nani."

Siku kichwa kilipokubali kusomeka, Silvanus alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Hajra. Mzigo wa wizi, yaani ule usio wa mteja yeyote aliyesajiliwa, ulitoka kwenye namba moja tu, nayo ilikuwa ya antena ya Masaki.

"Hiyo si ya Bilali?" Silvanus akauliza.

Bilali alikuwa mdogo wake Hajra, tumbo moja. Hajra ndiye aliyembembelezea kazi ya kuitunza antena ile.

"Ndiyo, bosi. Ya Bilali."

Polisi walimchukua siku hiyohiyo, akiwa juu ya ngazi, mbele ya wateja wake. Hajra alipompelekea chakula mahabusu, Bilali hakukigusa. "Dada, mimi sijauza kitu," alisema. "Wananiambia ushahidi umeutoa wewe."

Hajra alitoka pale akilia barabarani bila kujificha. Ndipo akakumbuka mirathi. Kusajili antena mpya makao makuu kulihitaji vibali visivyokwisha, kwa hiyo mafundi walikuwa na desturi yao: antena ikifa, mpya inapewa namba ya ile iliyokufa. "Marehemu kaacha mrithi," walitaniana. Silvanus mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Walichosahau wote ni kwamba Kibaha kitu hakifi moja kwa moja. Yupo fundi wa kukifufua. Antena ya Bilali ilikuwa mrithi. Marehemu wake je, alizikwa wapi?

Akazirudia zile baiti nne alizozidharau. Akazitazama zinavyobadilika, akafunga antena moja karibu na mnara, nyingine mbali, akalinganisha. Baiti ya tatu ilikuwa nguvu ya mawimbi: antena iliyo mbali na mnara huonyesha namba ndogo, iliyo karibu huonyesha kubwa. Na pakiti zenye namba ya Bilali zilikuwa za aina mbili. Kazi halali ilifika dhaifu, kama inavyostahili kitu kitokacho Masaki. Mzigo wa wizi wote ulifika na nguvu kubwa mno. Marehemu alikuwa hai, tena pua na mdomo na mnara wa Tumbi.

Furaha ilimpumbaza akili, maskini. Alikimbilia kwa Silvanus, akamwonyesha kila kitu, mpaka namna ya kuisoma baiti ya tatu.

Silvanus alitazama kwa utulivu. "Kazi nzuri sana, dada Hajra. Niachie kompyuta, bosi mkubwa lazima aone."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: jamaa alikuwa mwepesi. Kesho yake kompyuta ilirudi imesafishwa. Pakiti zilizonaswa hazipo, na kwenye ufafanuzi wa kichwa zile baiti nne zimeandikwa "hazitumiki". Hajra akanasa upya. Antena ya pili, yule marehemu, ilikuwa imetoweka hewani. Wakati huo Jenifa wa mapokezi, mpangaji wa Silvanus pale Tumbi, alikuwa anagombana na simu yake. "Intaneti ya baba mwenye nyumba imekata tangu jana," alilalamika. "Na tunailipia kwenye kodi!"

Kesi ya ngedere Hajra alikuwa amempelekea nyani. Akampigia simu mwenye kampuni, Dar es Salaam. Akajibiwa kwamba mambo ya Kibaha yapitie kwa Silvanus.

Silvanus akaenda polisi mwenyewe na pendekezo lake. Bilali akubali kosa, kampuni imsamehe, kazi aiache, yaishe. Mwanajuma akamlilia mwanawe akubali. Akakubali.

Jumapili Silvanus alimleta Bilali nyumbani Kibuta kwa gari la kampuni. Kuku alichinjwa. "Shikamoo mama," Silvanus alisema akivua viatu mlangoni, na Mwanajuma akaitikia marahaba kwa machozi ya shukrani.

Jikoni, Hajra alimweleza mama yake yote.

"Nyamaza!" Mwanajuma akamkata. "Mtu aliyemtoa mwanangu ndani ndiye unamwita mwizi? Wewe ndiye uliyemfunga nduguyo, mwenzio kamfungua. Chukua birika ukamnawishe."

Mkekani Silvanus alikuwa anamsifu. "Mama, huyu binti ni hazina. Bila yeye tusingejua lolote." Bilali, aliyekaa karibu na mlango, alimwangalia dada yake mara moja, akageuza uso ukutani.

Hajra akapiga magoti na birika na beseni. Silvanus akanyoosha mikono, akanawa taratibu, kidole kwa kidole, akasema maji ya Kibuta ni baridi, mazuri. Kisha akavuta sahani karibu, na Mwanajuma akamchagulia firigisi.