Kata Moja ya Maji Nyuma ya Jiko

Bibiana mimi namjua. Tulikulia Mkunya uwanja mmoja, tukachezwa unyago pamoja, tukalala mkeka mmoja. Kwa hiyo mtu asije hapa kwenye meza yangu ya mitumba, Masasi, akaniambia kwamba yule mwanamke anaringa, eti anaitwa haitiki. Haitiki kwa sababu zake, na nitazisema, maana nina mdomo na sijawahi kuuficha.

Somo wetu, kungwi wetu wa unyagoni wote wawili, alikuwa Bibi Ethel, mama yake mkubwa Bibiana, dada wa mama yake. Mwanamke mrefu, mkavu, kanisani anakaa benchi la mbele, na ukimwamkia shikamoo anakuangalia kwanza miguu ndipo anasema marahaba. Huyo ndiye aliyetufundisha kuzaa. Alitufundisha kwamba uchungu ukikushika, unakaa nao mwenyewe. Huutangazi. Ukiutangaza unarefuka, na wenye macho mabaya wanapata nafasi. Mwanamke hodari ni yule ambaye majirani wanasikia kilio cha mtoto ndipo wanajua kumbe alikuwa anazaa. Mimi somo hilo lilinipita pembeni. Nilipozaa mwanangu nilipiga kelele hadi kuku wakahama uwanja. Bibiana alilishika lote.

Mimba yake ya kwanza ilitimia msimu wa korosho, ule msimu ambao wanunuzi binafsi walipanda kwa mara ya kwanza na malori yao mpaka Mkunya, na kila mwenye miguu akakimbilia shambani. Alfajiri chupa ya uzazi ilimpasukia. Akajifunga khanga mbili, akaja shambani kuokota korosho na sisi. Akaokota siku nzima, anainama, anainuka, anacheka tukicheka. Hakuna aliyejua isipokuwa Bibi Ethel, na Bibi Ethel alikaa kimya kwa sababu alikuwa anaona fahari. Usiku Bibiana alilala na uchungu wake. Kesho yake mchana ndipo akazaa, ndani, bila sauti. Mtoto wa kiume, mzima, mwenye nywele. Bibi Ethel alitoka nje kifua mbele akatuambia sisi wanawake, “Huyu ndiye mwali wangu.” Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe.

Siku iliyofuata mtoto akakataa ziwa. Akaanza kuguna. Kila pumzi anaguna, mguno mdogo wa puani, kama mzee anayeinuka kwenye kiti. Mwili ukawa moto, baadaye ukawa baridi. Baba yake, Ladislaus, alikimbia kutafuta gari la kuwapeleka Newala, na aliporudi na gari hakukuwa na wa kupelekwa.

Kwetu mtoto ambaye hajatolewa nje hana matanga. Hana jina pia. Wanawake wazima wawili watatu wanambeba, wanakwenda kumzika wenyewe, wanaume hawahusiki, na mama yake haonyeshwi mahali. Tena haruhusiwi kulia, kwa kuwa akilia anafunga tumbo. Bibi Ethel alimshika Bibiana mabega akamwambia, “Jikaze.” Bibiana akajikaza. Mwezi haujaisha akarudi shambani, na watu wakaendelea kumwita Bibiana, vile vile kama binti ambaye hajazaa. Wenzake wote tulikuwa mama fulani na mama fulani. Yeye Bibiana tu, miaka mitatu.

Kitu kimoja kilikuwa kinamuudhi. Pale Mkunya maji ni mali. Unashuka bondeni na ndoo, unapanda na shingo imekufa ganzi. Na kila asubuhi Bibi Ethel, mwanamke ambaye alikuwa anatugombeza kwa kunawa mara mbili, alichota kata moja ya maji safi kwenye mtungi, akazunguka nyuma ya jiko, akayamwaga chini ya mkorosho mchanga. Bibiana alinung'unika. Ladislaus akacheka, akasema tangu lini mkorosho ukamwagiliwa, huo unataka jua tu. Kesho yake Bibi Ethel akachota tena.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshahamia Masasi, mitumba imeanza kuingia kwa marobota na nimejipatia meza sokoni. Bibiana alipopata mimba nyingine, akaja kwangu ili apimwe hospitali ya misheni. Nikaenda naye. Muuguzi aliyempokea aliitwa Julia, mtu wa Nanganga, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Akamuuliza, mimba ya ngapi? Bibiana akasema ya kwanza. Julia akamlaza, akamtazama tumbo, akaona michirizi ya zamani, akamfunika vizuri na khanga.

“Mama,” akamwambia, “hii si ya kwanza.”

Bibiana alilia pale kitandani. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona analia tangu unyagoni. Akasimulia yote, chupa iliyopasuka, korosho, mguno. Mwaka ule palikuwa na daktari mgeni aliyewapima wanawake waliopoteza watoto wachanga, wakachukua kipimo cha njia ya uzazi, na tuliporudi Julia akatueleza majibu. Kuna vijidudu vinakaa mle. Mama mwenyewe havimsumbui, wanawake wengi wanavyo na hawajui. Lakini mtoto akipita, au maji yakitangulia kutoka na akakaa ndani muda mrefu, anaweza kuvimeza, na vikimwingia kifuani anaguna. Dawa ipo: pensilini, kwenye mshipa, uchungu ukianza tu, iingie mapema, masaa manne au zaidi kabla mtoto hajatoka.

“Kwa hiyo uje mwanzo wa uchungu, si mwisho,” Julia akasema. “Chupa ikipasuka, uje siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo.”

Ladislaus alipopata habari alishuka Masasi, akakimbilia duka la dawa, akaleta vidonge vya rangi mbili, kama kila mtu miaka ile. Uumwe tumbo, uumwe jino, ni vile vile. Julia akamwambia asante baba, lakini vikimezwa leo vijidudu vitarudi kabla ya siku yenyewe. Ladislaus akavirudisha mfukoni, amenywea, akarudi Mkunya kwenye korosho zake.

Nilidhani mambo yamekwisha. Dawa ipo, hospitali ipo, kuna nini tena? Kumbe Bibiana hakuwa ameamua kitu. Alikaa kwangu akingojea siku zake na kila nikimuuliza anasema tutaona. Kwanza alisingizia mjomba wake Majaliwa, ambaye alichomwa pensilini na kijana mmoja nyuma ya duka, akavimba uso, akafa kabla sindano haijawekwa chini. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, sikumcheka. Tulimpelekea Julia. Akauliza kama Bibiana mwenyewe aliwahi kuvimba au kuwashwa kwa dawa yoyote. Hapana. Akasema watamwangalia, na dawa ya kumwokoa itakuwa karibu. “Sikuapii,” akasema. “Na sikudanganyi kwamba bila dawa mtoto lazima afe. Wengi wanazaliwa wazima hata bila hiyo. Ila wewe umeshazika mmoja.”

Tulipotoka nilimbana. Nikamwambia, Bibiana, umesikia, sasa unataka malaika ashuke?

Akasimama njiani. “Winfrida,” akaniambia, “nikisema ndiyo kwa sindano, nimesema mama mkubwa aliniulia mtoto. Na mimi nilimsaidia. Niliokota korosho naye tumboni siku nzima.”

Nikamshika mkono, tukaendelea na njia.

Bibi Ethel akashuka kutoka Mkunya kuja kumpokea mjukuu. Hatukumwambia lolote la kipimo. Tukaishi wanawake watatu kwenye vyumba vyangu viwili na mguno. Nasema mguno kwa sababu Bibiana alikuwa anausikia. Birika likikaribia kuchemka lilitoa ile sauti, na yeye alinyanyuka popote alipo, tumbo mbele, akaliondoa motoni. Nilikunywa chai ya uvuguvugu hadi nikaichukia. Siku moja nikamwambia aliache lichemke, birika ni birika. Akaliacha. Tukakaa tunalisikiliza, na naapa, nilimsikia yule mtoto. Nikaliondoa mwenyewe. Bibi Ethel alikuwa mlangoni anachambua mboga, na mikono yake ilikuwa imesimama. Ndipo nikajua kwamba naye anausikia.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa jua kali, yale mawe makubwa ya Masasi yanatoa joto utafikiri yamewashiwa kuni. Nilirudi sokoni mapema. Nikamkuta Bibiana anatwanga muhogo mkavu. Hakuna aliyemtuma. Bibi Ethel amekaa kwenye kigoda, anamtazama. Nikaona khanga mbili kiunoni. Nikaona anavyouma taya na kupunguza mchi halafu anaongeza, na chini ya miguu yake mchanga umelowa.

Nilijua. Tulifundishwa pamoja, hawezi kunificha. Bibi Ethel alijua pia, na usoni mwake palianza kuingia ile fahari ya zamani.

Ningeweza kupiga kelele. Mdomo huu unaoniona nao ulijaa. Lakini nilimwangalia Bibiana nikaona anasikiliza kitu, kichwa kimeinama upande, na jikoni hapakuwa na birika. Akaacha kutwanga. Akausimamisha mchi ndani ya kinu, taratibu, akamgeukia Bibi Ethel.

“Mama mkubwa, shikamoo.”

Walikuwa wameshaamkiana asubuhi. Bibi Ethel akaitika, “Marahaba.”

“Chupa imepasuka. Uchungu umenishika. Nakutangazia wewe, namtangazia Winfrida, na nitawatangazia majirani wote nikipita. Nakwenda kuchomwa dawa. Yule wa kwanza alikufa kwa kuwa nilikaa kimya.”

Sijawahi kuona mtu akizeeka mbele yangu, ila siku ile niliona. Nilingoja matusi, laana, machozi. Bibi Ethel akainuka, akachukua khanga yake kwenye kamba, akajitanda.

“Basi twende,” akasema.

Tukapata pikapu ya mtu wa korosho. Njia nzima Bibiana alitangaza kama alivyoahidi. Mwenye genge la nyanya, mama wa maandazi, wote waliambiwa, na kila akisema sauti yake ilitetemeka kwa aibu, na akaendelea kusema. Mimi nililia, sioni haya kulisema.

Julia alimpima, akamweka mpira kwenye mshipa wa mkono, akaingiza dawa kidogo kidogo akimtazama uso. Tulisimama tunamtazama sote, roho juu, tukimwona mjomba Majaliwa. Hakuvimba. Jioni wakamwongezea nyingine. Bibi Ethel alisimama ukutani muda wote, macho kwenye ile chupa ya dawa. Akamvuta Julia pembeni, akamuuliza kwa sauti ndogo niliyoisikia kwa sababu masikio yangu nayo hayana breki.

“Yule wa kwanza, angepata hii, angepona?”

Julia akamshika mkono. “Sijui, mama,” akasema. “Labda.”

Bibi Ethel akatikisa kichwa kukubali, akarudi ukutani.

Mtoto alizaliwa kabla ya giza kuwa zito, wa kike, akalia kwa hasira. Siku za kwanza Bibiana hakulala; aliweka sikio kifuani kwa mtoto na kusikiliza. Hakuguna. Alipumua tu, na ile pumzi safi ndiyo iliyomliza zaidi, kwa sababu kila ilipoingia na kutoka ilimwambia pengine kumwokoa wa kwanza kungekuwa rahisi hivi. Aliniambia hivyo mwenyewe. Watu wanadhani mtoto wa pili anafuta wa kwanza. Kwake alimleta karibu.

Siku ya kumtoa mtoto nje nilipanda Mkunya. Ngoma zikapigwa, ugali ukaliwa, mtoto akapewa jina la Oliva, wanawake wakaanza kumwita Bibiana Mama Oliva, Mama Oliva. Haitiki. Wakadhani furaha imemziba masikio. Asubuhi iliyofuata, watu wamekwenda, Bibi Ethel alichota kata yake ya maji mtungini. Safari hii hakutoka peke yake. Alimshika Bibiana mkono, na mtoto mgongoni, na mimi nikafuata bila kualikwa.

Tukazunguka nyuma ya jiko. Bibi Ethel akasimama mbele ya ule mkorosho mchanga, akamkabidhi Bibiana kata.

“Ni hapa,” akasema. “Mkorosho niliupanda mimi, nisipasahau.”

Bibiana aliangalia chini. Miaka mitatu alikuwa amegombania yale maji. Alipiga magoti, akayamwaga polepole hadi tone la mwisho, na mkono wake ukabaki juu ya udongo uliolowa.

“Nilikukataza kulia,” Bibi Ethel akasema. “Lia sasa.” Naye akawa ameshaanza.

Walipokwisha kulia, Bibi Ethel akajifuta uso na pindo la khanga, akauliza kama mtu anayeogopa, “Ulimpa jina?”

“Marko,” Bibiana akasema. “Siku ile ile. Nilimwambia sikioni.”

Bibi Ethel alilirudia lile jina, mara moja tu. Kisha akamwinua Bibiana kwa kiwiko.

“Twende ndani, Mama Marko,” akasema. “Jua linampiga mtoto.”

Akaitika.