Turubai la Msiba Juu ya Nyanya za Mama

Kaka yangu alipostaafu kazi ya ofisini mjini, alirudi kwetu Mapinga na kiti cha kukunja, simu kubwa, na maoni kuhusu kila kitu. Maishani mwake hajawahi kupanda hata mchicha. Lakini ndiye mkubwa wetu, na amesoma, kwa hiyo ilibidi tumsikilize.

Jua la kaskazi mwaka huo lilikuwa halina huruma. Mama alikuwa na matuta mawili ya nyanya nyuma ya jiko letu la makuti. Tangu magoti yamkatalie kwenda shamba, nyanya zile ndizo zilizomtoa kitandani. Akishaswali alfajiri alikwenda kuzishikashika na kuzisemesha. Sasa maua yakaanza kupukutika kwa joto, na Mama naye akawa anarudi kulala mpaka jua lipande. Hilo ndilo lililonitia hofu.

"Tuweke makuti," nikasema. "Machache tu, mwanga upenye."

Kaka akacheka. "Makuti! Watu wanakwenda mbele, nyie mnaezeka nyanya."

Yeye ndiye aliyepewa kutunza turubai la mtaa, lile linalofungwa penye msiba. Siku ile ile akalileta, akalitandaza juu ya nyanya, akakaza kamba, kisha akarudi nyuma kulitazama, kifua mbele, utadhani amejenga daraja.

"Mwanangu, turubai la msiba?" Mama akauliza.

"Mama, kivuli ni kivuli."

Kivuli gani? Chini yake palikuwa giza na fukuto tupu. Miche ikarefuka, ikapauka, ikawa laini. Nilipomwambia, bwana mkubwa akanionyesha kwenye simu shamba la nyanya la nchi ambayo hata jina lake halijui.

Kisha jirani yetu akafariki. Vijana wa mtaa wakaja kabla ya adhuhuri, wakafungua kamba, wakachukua turubai lao. Kaka akawafuata, akiwafundisha namna ya kulikunja. Nyanya zilizozoea giza zikabaki wazi kwenye jua la saa sita, na hakugeuka hata kuzitazama.

Mimi nilitakiwa msibani kupika. "Tangulia," Mama akaniambia, "mimi nitakwenda kuhani jioni." Huko nikamkuta Kaka amejinyoosha chini ya turubai, anamtambia mzee mmoja jinsi linavyopoza. Nilitamani kummwagia mchuzi.

Tuliporudi alasiri, jiko letu lilikuwa limebaki fito tupu upande mmoja. Mama alikuwa ameyavuta makuti ya paa kwa upondo wa kuangulia embe, moja moja, akayalaza juu ya nyanya, meusi kwa moshi wa miaka. Mwenyewe amekaa chini, masizi mpaka kwenye nyusi, anahema, na uso umemchangamka kuliko nilivyouona mwezi mzima. Miche ya pembeni ilikuwa imeungua. Ya katikati ilikuwa hai.

"Sasa Mama, na jiko?" Kaka akauliza.

Mama akainuka, akakiburuta kile kiti cha kukunja mpaka jikoni, akakiweka pale pasipo na paa. "Kaa ule, mwanangu. Ukishiba, nenda katafute makuti."

Akala, jua likimpiga kwenye upara. Nikamwongezea wali, asije akainuka mapema.