Ncha ya Pili ya Kanga

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wamefika Dar, wengine Afrika Kusini. Mimi nimefika Ruangwa, na hata hapo nilifuata kazi ya mume wangu. Tulipotafuta nyumba, niliichagua ile apatimenti ya ghorofani kwa jambo moja tu: jikoni kulikuwa na mashine ya kufulia na nyingine ya kukaushia. Nikajiambia, sasa sitoki tena hata kwenda kuanika.

"Bado mashine ya kukuogesha," mume wangu alisema.

Halafu baba akafariki, mama akabaki peke yake kijijini kwetu, Lionja. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba, kukamua nguo hawezi. Zamani baba ndiye alikuwa anamshikia ncha ya pili ya kanga, mmoja huku mwingine kule, wanasokota, na wanaume wenzake wakipita wanamtania kwamba amelishwa limbwata. Basi nikamfuata mama. Nilitaka aje akae kwetu moja kwa moja. Niliipigia debe ile mashine njia nzima, mpaka abiria wakadhani nauza.

Tulipofika, mama aliinama akachungulia kile kioo cha duara. Ndani zilikuwa zinazunguka suruali za mume wangu.

"Na zangu zinaingia humuhumu?"

"Humuhumu, mama."

"Kanga zangu zizunguke zilimozunguka suruali za mkwe wangu? Mwanangu, akili unazo au uliziacha shuleni?"

"Mashine haina macho, mama."

"Mimi ninayo."

Kwetu mama na mkwewe wa kiume hawaketi mkeka mmoja. Mume wangu alikuwa anamsalimia kutoka mlangoni, macho chini, na chakula anakula chumbani kama mgonjwa. Hayo niliyajua. Sikujua tu kwamba heshima inaingia mpaka kwenye tumbo la mashine.

Mama akawa anafua kwenye beseni, bafuni, mkwewe akiwa kazini; mashine ya kukaushia nayo aliikataa. Kuanika kwenye roshani mwenye nyumba hataki, eti jengo linaonekana kama gulio. Kanga zikaning'inia kwenye milango ya kabati chumbani kwake, zinachuruzika, chumba kinanuka unyevunyevu, naye anakohoa.

Mume wangu hakulalamika. Asubuhi moja alifunga nguo zake kwenye shuka, akazipeleka kwa dobi sokoni. "Mwambie mama mashine ni yake," alisema. "Mimi siigusi tena."

Nikaisuuza mashine tupu mara mbili, nikakimbia kumwambia mama. Nilidhani nimeshinda.

Mama aliweka kikombe cha chai chini. "Nimezitoa nguo za mkwe wangu nyumbani kwake," alisema. Hakukasirika. Angekasirika ningemtania. Kesho yake alikuwa ameshafunga mzigo.

Nililia, nikamwambia nitamwomba mwenye nyumba aitoe ile mashine. Akanipapasa kichwa. "Kaa na mashine yako, mvivu wangu. Utafua na nini?"

Nilikwenda Lionja korosho zilipokwisha kuokotwa. Nilimkuta nyuma ya nyumba. Ncha moja ya kanga ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya baraza, ile aliyozoea kuegemea baba. Ncha nyingine mama ameizungushia kiwiko, maana vidole vimegoma, anasokota kwa mwili mzima. Maji yalitoka kidogo tu.

"Hodi, mama."

Aligeuka, akaniona ninavyoitazama ile nguzo. "Usicheke. Mwenzangu huyu hachoki. Ila hanisimulii kitu."

Sikucheka. Nilifungua fundo, nikashika ncha, tukasokota. Maji yakamwagika miguuni mwetu, mama akasema angalau leo nimetoka nje.

Muda wa gari langu la kurudi Ruangwa ulipofika tulikuwa bado na kanga moja mikononi. Mama aliisikia honi barabarani kabla yangu. Akaja upande wangu, akanitoa ile ncha kiganjani, akairudisha kwenye nguzo.