Mashavu ya Kijani ya Bwana Wondraschek

Kwa miaka thelathini na moja, katika ofisi ya nyaraka jijini Vienna, Engelbert Wondraschek alilinganisha nakala na hati zake za asili, kisha akazigonga muhuri. Alipokaribia kustaafu, mwaka 1911, alistahili heshima ya wakuu wa vitengo: picha ya rangi za mafuta kwenye ukuta wa ghorofa ya pili, walikotundikwa watangulizi wake kumi na wanne, wote wakiwa na mashavu ya waridi.

Mchoraji, kijana aitwaye Kilian Stroh, alimkalisha mara sita pasipo mazungumzo. Siku ya saba akaileta picha nyumbani kwa Wondraschek na kuondoka.

Mashavu yalikuwa ya kijani. Shingo ilikuwa imerefushwa, bega moja limeporomoka, na vidole vimejikunja kama mizizi iliyong'olewa.

"Yesu na Maria!" akasema Ottilie, dada yake Wondraschek, aliyemtunzia nyumba tangu afiwe na mkewe, Pauline. "Kaka, mbona unafanana na mtu aliyeopolewa mtoni?"

Wondraschek akavaa miwani. Akatazama kioo, kisha picha, kisha kioo tena. Kipande kwa kipande, hakuna kilicholingana. Alipoitazama picha nzima, akaiona sura aliyokuwa nayo kila asubuhi kabla ya kunyoa, miaka minne sasa, ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu.

"Hivyo vidole si vyako," akasema Ottilie.

"Ni vyangu tangu Pauline afariki," akajibu, akaomba kahawa.

Akaamua kutundikwa vile vile, au asitundikwe kabisa.

"Wageni hupita hapa, Bwana Wondraschek," akasema Mkurugenzi Zwerenz picha ilipofikishwa ofisini. "Mwambie huyo kijana wako apake waridi kidogo, la sivyo hupandi ukutani."

"Haiwezekani, Bwana Mkurugenzi. Imeshahakikiwa."

Wondraschek akaigeuza picha. Nyuma yake palikuwa na muhuri, tarehe na saini: *Inalingana na asili.* Kisheria, kilichogongwa muhuri huo hakibadilishwi hata nukta.

"Umelewa?"

"Kanuni ya arobaini na mbili. Uliitia saini mwenyewe."

Zwerenz akasoma mara mbili, kisha akaagiza msumari.

Siku ya kuagana, makarani walipita kwa kelele chini ya wale kumi na wanne. Walipofika kwenye picha ya mwisho walishusha sauti. Karani Blaschke, aliyeketi na Wondraschek meza moja miaka yote hiyo, akabaki pale mpaka divai ikapata joto mkononi.

"Kila Jumatatu nilikuuliza hali, mzee mwenzangu. Ukasema salama."

"Nilisema uongo," akasema Wondraschek.

"Basi keti," akasema Blaschke, akamvutia kiti.